Gauni Lililopimwa Mwilini mwa Mwingine

Nikuulize kitu, na usinijibu haraka: umewahi kujikwaa wewe, kidole kikavuja damu cha mwenzako? Hujawahi. Hata mimi sijawahi. Lakini yupo binti mmoja aliyewahi, na kwa muda mrefu hakujua. Alipokuja kujua, kujua kwenyewe hakukumsaidia kitu. Kaa vizuri nikueleze, maana jambo hili ukilidandia katikati utamlaumu asiyehusika.

Binti huyo alikuwa kitinda mimba wa fundi cherehani. Nyumbani walimwita Mboni, kwa kuwa mama yake alimtunza kama mboni ya jicho. Mama alishona sare za shule na magauni ya harusi, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: vyerehani vimepangwa dirishani penye mwanga, meza ndefu ya kukatia, ukutani misumari ya kutundikia nguo zilizokwisha, na sakafuni vipande vya nyuzi ambavyo hata ungefagia mara ngapi vilirudi kukung'ang'ania kwenye soksi. Katikati palikuwa na chumba cha Mboni, chenye dirisha la barabarani na kioo kirefu. Nyuma kabisa, palipowekwa majora ya vitambaa, ndipo alipolala binti wa marehemu dada yake mama.

Huyu wa nyuma walimwita Sanamu. Si kwa ubaya, wenyewe walisema. Mafundi wengine huwa na sanamu la mbao la kuvalishia nguo. Pale hawakuwa nalo, walikuwa na yeye. Umbo lake na la Mboni lilikuwa moja, bega kwa bega, kiuno kwa kiuno, ingawa yeye alimzidi Mboni umri kidogo. Na Mboni hakuwa na subira ya kusimama. Ukimchomekea pini ya kwanza, anacheka. Ya pili, anajikuna. Ya tatu, "Mama, nimechoka bwana." Kwa hiyo kila nguo ya Mboni ilipimwa mwilini mwa Sanamu. Mama alikuwa na desturi yake kazini: anayepimwa hung'ata kipande cha uzi kwa meno, asiongee wala asipumue kwa nguvu, pini zisije zikahama. Sanamu akakua hivyo, uzi mdomoni, mikono kainyoosha pembeni, akisikiliza maneno ya watu.

Sasa mji ule ulikuwa na balaa lake. Mchana upepo ukikatika ghafla, jasho likikutoka hata umekaa kivulini, watu walijua Mgeni yuko njiani. Mgeni alikuwa kitu cha upepo na vyuma. Aliinuka kwenye bonde la mto uliokauka, akajivika mabati, misumari, vioo na milango ya watu, akapita mitaani akiezua nyumba. Walimwita Mgeni kwa sababu hakupiga hodi. Watani walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone, huyu wetu akija, mwenyeji ndiye anayelazwa."

Siku moja bibi mmoja, mteja wa siku nyingi, aliweka kitambaa juu ya meza ya kukatia. Ukikitazama wima kilikuwa cheupe tu, cha kawaida. Ukikiinamisha kinameta kama maji ya karai yaliyopigwa na jua.

"Mshonee binti yako gauni," akasema. "Akilivaa atakuwa na nguvu ya kumrudisha Mgeni alikotoka. Ila lipime mwilini mwa mvaaji mwenyewe. Kitambaa hiki kinapimwa mara moja tu, hakirudii."

Mama akaitikia kama wanavyoitikia mafundi wote duniani: "Hamna shida, mama. Njoo Ijumaa."

Bibi hakuja Ijumaa ile wala nyingine yoyote.

Siku ya kupima, Mboni alisimama mpaka pini ya pili. Nje rafiki zake wakapiga mluzi, naye mguu ukaanza kumcheza.

"Mama, si Sanamu yupo?"

Mama akatazama kazi iliyomrundikia, sare za shule nzima, akaguna. "Sanamu! Njoo usimame hapa."

"Lakini mama mdogo, yule bibi alisema apimwe mwe..."

"Ng'ata uzi."

Akang'ata. Hayo ndiyo makosa yote yaliyofanyika, mjukuu wangu, hakuna jingine. Hakuna aliyemchukia mtu siku ile. Palikuwa na mtoto mwenye haraka, mama mwenye kazi nyingi, na mwingine aliyezoea kusimama.

Mboni alipolivaa gauni lile mara ya kwanza, lilijifunga lenyewe mgongoni. Mwanga ukamtoka kwenye mikunjo, nywele zikamsimama, miguu ikaiacha sakafu taratibu kama mvuke unavyoacha sufuria. Siku hiyohiyo Mgeni alipoingia mtaa wa maduka, Mboni alimwendea hewani, akamkumbatia kiunoni, akamkamua mpaka mabati yakadondoka barabarani moja moja. Watu waliokuwa wamejificha chini ya meza za biashara wakatoka wakishangilia, wengine wakilia.

"Na haniumizi, jamani!" alisema dukani jioni ile, kakaa juu ya meza ya kukatia ananing'iniza miguu. "Yaani unapigwa na geti zima mgongoni, unasikia kama umerushiwa mto wa kulalia."

"Wewe umeumbwa kwa chuma," akasema Bi Vifungo, yule mama aliyeajiriwa kushona vifungo na matundu yake. Mdomo wake ulikwenda kasi kuliko sindano yake. "Siyo kama huyu wa nyuma. Leo kaanguka uani, tena kaangukia mgongo, na hakuna hata ganda la ndizi! Huyu mtoto ana miguu ya kuazima."

Wakacheka. Mboni alicheka kuliko wote.

Mambo yakaendelea hivyo. Mgeni akija, Mboni anapaa. Akirudi anasimulia, chai mkononi. Shuleni alikaa mbele bila kuulizwa kazi ya nyumbani. Wanawake walitoka mitaa ya mbali kushonewa na mama wa shujaa. Vyombo Mboni akaacha kuosha. "Mkono unaookoa mji unasuguaje sufuria?" alisema, na mama, badala ya kumkemea, akacheka na kuita, "Sanamu!" Ndiyo maana wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Ila hapa aliyelia alikuwa mtoto wa dada.

Maana Sanamu alikuwa anaanguka sana siku hizo. Mara kajigonga bega mlangoni, mara jicho limevimba, mara anachechemea. Alipoulizwa alisema, "Nimeteleza." Mama akamsema kwa uzembe, halafu baada ya muda akaacha kumsema, akawa anamkanda kwa maji ya chumvi kimya kimya na kumtazama kwa pembe ya jicho.

Mboni alijua mchana mmoja alipotoka kupigana kwenye stendi ya mabasi. Mgeni alikuwa amenenepa. Kila aliporudi alirudi mkubwa zaidi, na siku hiyo alijivika hadi vioo vya mabasi. Bati moja likapita mkononi mwa Mboni, mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Alilisikia kama unyoya. Alipotua nyumbani akajitazama kwenye kioo kirefu: mkono mzima, ngozi laini, hata mkwaruzo hakuna. Akaenda dukani kujisifu.

Dukani Sanamu alikuwa anapiga pasi kola za sare. Mkono wa kushoto wa blauzi yake ulikuwa umelowa damu, juu kidogo ya kiwiko, naye aliukunja haraka ili damu isidondokee kola nyeupe za watu.

"Umefanyaje?"

"Nimejikata na mkasi."

Mkasi ulikuwa umetundikwa ukutani.

Mboni akarudi chumbani kwake, gauni bado mwilini, akachukua pini akajichoma pajani. Hakusikia kitu. Dukani mtu akasema "Aah!" Akangoja kidogo, akajichoma tena. "Aah!" Na mara ya tatu, nikuambie ukweli wake kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu, alijichoma ili awe na hakika, ingawa hakika alikuwa nayo tangu ya kwanza.

Akamwendea mama jikoni. Mama alikuwa anachochea uji wa wanga, ule wa kukazia kola.

"Mama, Sanamu anaumia mimi nikipigwa."

Mama hakugeuka. Mwiko uliendelea kuzunguka.

"Mama! Ulijua?"

"Nilijua, nisingejuaje? Mimi ndiye ninayemfunga vidonda."

"Na ukanyamaza?"

"Ulitaka niseme nini?" Sasa akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu, ya moshi au ya nini sijui. "Nikuambie lifumuliwe? Nimejaribu kulifumua, Mboni. Nimeingiza wembe kwenye mshono, wembe umejipinda kama jani. Nikasema nilichome. Nimegusisha pasi kwenye pindo tu, yule kule nyuma akapiga yowe, mpaka leo ana alama ya moto kwenye ugoko. Sasa nifanye nini? Nikuvue nguo, uende ukafe wewe? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na yeye, mzazi wake nani?"

Mama akarudi kwenye sufuria yake. Uji ulikuwa umeshika chini.

Wakajaribu lililobaki. Wakamvalisha Sanamu gauni lile mbele ya kioo kirefu, kwani lilipimwa kwake, huenda lingemtambua. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa Mboni, kila mshono mahali pake. Lakini halikuwaka. Lilining'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nguvu zilikwisha kwenda kwa aliyelivaa kwanza, maumivu kwa aliyepimwa, na kitambaa kile hakirudii. Sanamu alijitazama kwenye kioo kwa muda, akalivua, akalikunja vizuri. Na Mboni, alipoona halijawaka, alishusha pumzi ya nafuu kwanza, ndipo akahuzunika. Mpangilio ule wa mambo moyoni mwake aliuona mwenyewe, na ulimtisha kuliko Mgeni.

Akaamua kuwa mwema. Sasa sikiliza wema wa mtu ambaye hajawahi kuufanyia mazoezi.

"Dada," alimwambia Sanamu asubuhi, "kuanzia leo utalala kitandani kwangu."

"Leo naitwa dada? Unaumwa?"

"Siumwi. Nakupa na viatu vyangu vya bluu. Na chumba."

"Mimi chumba cha dirisha la barabarani nitalalaje, na vumbi lile na magari? Na viatu vyako vinanibana, mwili tu ndio tunaolingana."

"Basi niambie unataka nini!"

Sanamu akafungua mdomo. Lakini Mboni alikuwa ameshaanza: jinsi hajalala, jinsi anavyojisikia vibaya, jinsi hakujua, na angejua asingefanya, na kwamba Sanamu lazima amsamehe la sivyo atakufa kwa majonzi. Akalia sana. Sanamu akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, akamwambia yamekwisha, akarudi nyuma kukunja vitambaa. Alichotaka kusema hakikusemwa.

Mgeni alipokuja tena, Mboni alilifungia gauni kabatini na kukaa juu ya kitanda, mikono masikioni. Mlango ukagongwa. Alikuwa fundi wa mageti, jirani wa mkabala, mtu mpole asiyejua kupaza sauti, na siku hiyo aliipaza.

"Shujaa! Toka! Ameshika nyumba za mtaa wa nyuma!"

"Siwezi!"

"Huwezi nini? Jana uliweza."

"Kuna mtu anaumia!"

"Ndiyo nakuambia, watu wanaumia! Wewe si haumii? Si ulituambia mwenyewe ni kama mto wa kulalia? Au raha ya kuvaa imekwisha?"

Angemjibu nini? Angesema, "Anaumia binti wa nyumbani kwetu," fundi angeuliza, "Mmoja?" Na wewe ungesemaje? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kila mtu huuona mwepesi ukiwa kichwani pa mwingine.

Mboni akatoka. Ila alitoka na gauni lake la shule, lile la kawaida. Alijiambia: leo nitapigwa mimi, mwili wangu mwenyewe, haki itendeke. Akakimbia mpaka mtaa wa nyuma, akaokota fito, akasimama mbele ya Mgeni katikati ya vumbi. Mgeni hata hakumwona. Mlango mmoja ulizunguka ukampitia mbavuni, akarushwa kama ganda la karanga, akaangukia rundo la matofali. Na hapo ndipo alipokutana na maumivu kwa mara ya kwanza tangu avae nguo ile. Alipiga kelele hata yeye mwenyewe akashangaa sauti ni ya nani. Alikuwa akidhani maumivu ni jambo la kuvumilia, kama pini. Hakujua kwamba yanakuchukua wewe mzima, huwezi kufikiri mji wala haki wala dada.

Mtaa wa nyuma haukuokoka. Paa zote zilikwenda.

Mboni akalazwa nyumbani mbavu zimefungwa. Alilala akiwaza kwamba angalau sasa wako sawa. Lakini nani alikuwa anamlisha? Nani alimgeuza, akamwaga beseni, akamchemshia maji, akafua mashuka? Mama alikuwa na foleni ya sare. Ni Sanamu, na mkono wake wenyewe bado una bandeji.

"Nimefanya kwa ajili yako," Mboni alimwambia.

"Nimeona," alisema Sanamu, akikamua kitambaa. "Geuka huku kidogo."

"Hufurahi?"

"Mboni, geuka. Maji yanapoa."

Bi Vifungo, aliyekuja kuangalia mgonjwa, akatikisa kichwa mlangoni. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka mzaha wake mwenyewe.

Mbavu zikaunga. Kisha ikaja siku ya shule.

Ilikuwa mchana, watoto wako madarasani. Upepo ukakatika. Mboni alikuwa chumbani kwake, akaona kupitia dirisha lake la barabarani jinsi majani ya mti wa jirani yalivyosimama, na mbali, juu ya paa za shule ya msingi, Mgeni akiinuka. Alikuwa mkubwa kuliko jengo. Fundi wa mageti alikuja akikimbia, hakugonga, alisimama tu barabarani mbele ya dirisha amemkazia macho. Mtoto wake wa mwisho alikuwa kule darasani. Yale macho yalitosha.

Mboni akafungua kabati.

Sasa hapa usimwone hakufikiri. Alifikiri sana. Alijiambia, nitakwenda kwa uangalifu, nitakwepa kila kitu, sitaguswa hata na msumari. Na nisimwambie Sanamu, asije akaogopa bure. Namwonea huruma. Nikimaliza salama hatajua hata kwamba nilitoka. Akavaa polepole, akapita dirishani badala ya mlangoni, asisikike. Kwa mara ya kwanza alitoka kwenda vitani bila kelele, akadhani kunyata kwake ni upendo.

Na alikwepa, mjukuu wangu. Alipigana siku ile vizuri kuliko siku zote, kwa kuwa aliogopa. Alikwepa mabati, akakwepa madawati yaliyorushwa, akambana Mgeni kooni. Watoto wakatoka madarasani wameshikana mikono, mwalimu wao mbele, na yule mtoto wa fundi akiwa na kiatu kimoja. Kilibaki chuma kimoja, nguzo ya bendera, iliyoanguka yenyewe wakati Mgeni alipokwisha kufumuka. Mboni alikuwa amegeuka kuwapungia watoto mkono. Nguzo ilimshukia juu ya paja. Kama unyoya.

Nyumbani, Sanamu alikuwa anatoa sufuria ya uji wa wanga jikoni kuipeleka dukani, imejaa, inatokota, kaishika kwa vitambaa viwili. Mguu ukavunjika chini yake hapohapo, akiwa anatembea.

Sitakueleza yote. Bi Vifungo aliyeona hakuweza kushika sindano mpaka wiki ile ikaisha.

Mboni aliporudi, alirudi anacheka, maana watoto wote wametoka salama na yeye hakuguswa. Nguzo hata hakuihesabu, hakuisikia. "Mama! Leo sijapigwa hata mara moja!" Akakuta duka tupu, vyerehani vimeachwa na nguo midomoni, na wanga mweupe umeganda sakafuni kuanzia mlango wa jikoni.

Hospitali walimfunga Sanamu mguu, wakampaka dawa kifuani na mikononi, wakamfunika kwa shuka lililoinuliwa kwa waya lisimguse. Muuguzi alimwambia mama asitarajie mengi na asikate tamaa, maneno ambayo ukiyaweka pamoja hayasemi kitu. Baadaye akaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sababu vitanda vilikuwa vichache na waliojeruhiwa na Mgeni walikuwa wengi. Wakamlaza chumba cha katikati, kitanda cha Mboni. Hivyo akakipata kile kitanda, na dirisha la vumbi.

Mboni alikaa sakafuni kando yake siku baada ya siku. Alijifunza kugeuza mgonjwa. Alijifunza kumwaga beseni, na mara ya kwanza alitapika, na mara ya pili hakutapika. Alijifunza kunyamaza, nalo hilo lilimchukua muda kuliko mengine yote, maana kila alipomtazama Sanamu neno "nisamehe" lilimpanda kooni. Alilimeza, kwa kuwa ameona kwamba kila akilitoa, mgonjwa ndiye anayelazimika kumbembeleza.

Mchana mmoja mama alikuwa mlangoni, gauni lile mkononi, limefuliwa, limenyooshwa. Hakujua alipeleke wapi. Kulitupa hakuwezekani: likitupwa likararuliwa na mbwa, nani angeraruka? Alikuwa analibeba chumba hadi chumba kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine.

Mchana huo pazia likaacha kucheza. Mama akalitazama, Mboni akalitazama. Jasho likaanza. Nje, bila haraka, watu wakaanza kukusanyika chini ya dirisha: fundi wa mageti na mtoto wake, mwalimu, wanawake wa mtaa wa nyuma ambao sasa walilala chini ya maturubai. Hawakupiga kelele. Hakuna aliyesema shujaa toka. Walisimama tu, wameinua nyuso.

"Sivai," Mboni alisema kwa sauti ndogo. "Naapa, sivai tena."

"Utavaa," alisema Sanamu. Sauti yake ilikuwa imebaki kama karatasi.

"Nani kasema?"

"Naziona nyuso zao kutoka hapa. Wewe umekaa chini, huwaoni." Akapumzika kidogo. "Huyo mtoto ana viatu vipya."

"Dada, usinifanyie hivi. Ukisema niende, nakuua. Ukisema nisiende, wanakufa wale. Sijui. Sijui nifanye nini, mimi sijui kitu." Na hapo Mboni akafunga mdomo, kwa sababu alisikia alichokuwa anafanya, alikuwa anaanza tena kumimina yake. Akatulia mpaka kifua kikatulia. Kule bondeni bati la kwanza lililia. Mama alianza kusema neno, Mboni akainua mkono kumzuia. Kisha akauliza, na safari hii hakuongeza kitu nyuma ya swali lake, akangoja:

"Wewe, siku zote hizi, ulikuwa unataka nini?"

Sanamu alikawia kujibu, si kwa kulipiza kisasi, ni kwamba hakuwahi kulisema, na neno ambalo halijawahi kutoka halijui njia. Alitazama dari. Nje mwalimu aliwashika watoto wawili mikono. Bati la pili likalia, karibu zaidi.

"Nilijua zamani kwamba halifumuki," alisema. "Nilijua kabla ya mama mdogo. Sikutaka ulivue. Kitanda sikukitaka, wala viatu. Nilikuwa napika, nashona, nimebeba vitu vya moto, nimepanda kwenye kigoda natundika nguo za watu, na sijui saa ngapi. Kila siku sijui saa ngapi."

Akageuza kichwa, kidogo, kadiri ngozi ilivyomruhusu, akamtazama Mboni usoni.

"Nilitaka uwe unaniaga. Ukitaka kutoka, uje pale nilipo, useme, 'Dada, natoka.' Basi. Niweke chini nilichobeba, nikae."